WebGL: laptopu inachora mkondo wa bahari vizuri, simu inaonyesha bahari tupu

BintiKigombe

Wakuu, habari za jioni. Leo ni siku ya nne nahangaika na kitu hiki. Naomba mnisaidie kabla muhula haujaisha.

Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Tanga. Nikifika kwenye mada ya mikondo ya bahari, wanafunzi hukariri mishale ya kitabuni, na mishale haisogei. Baba yangu ni mvuvi wa Kigombe. Yeye hutazama povu na majani yanayoelea, akakwambia maji yanakwenda wapi na yana nguvu kiasi gani. Nilitaka wanangu wa kidato cha pili waone kama anavyoona yeye. Nimeandika ukurasa wa WebGL 2 (njia ya kivinjari ya kuchora kwa chipu ya michoro) wenye ramani ya mraba, pikseli 1024 kwa 1024, kuanzia latitudo 10 kusini hadi 2 kaskazini, longitudo 38 hadi 50. Lindi iko chini kabisa, juu unakaribia Mogadishu. Chembe 16,384 zinaelea juu ya ramani, na mwanafunzi anabonyeza Kusi au Kaskazi aone maji yanavyobadilika.

Mahali pa kila chembe nimepahifadhi kwenye tekscha (picha inayobeba namba) ya 128 kwa 128: nyekundu ni x, kijani ni y, bluu ni umri. Kila fremu, sheda (programu ndogo inayoendeshwa na chipu ya michoro) inasoma tekscha A, inajumlisha kasi ya maji, inaandika kwenye tekscha B kupitia fremubafa (kinachoelekeza mchoro uende kwenye tekscha badala ya skrini), kisha A na B zinabadilishana zamu. Kasi ya maji iko kwenye tekscha yake nyingine, gridi ya 256 kwa 256.

Kwenye laptopu yangu ni raha tupu. Kwenye simu ya dada yangu na simu tatu za wanafunzi naona bahari ya bluu bila chembe hata moja. Kuna kinukta cheupe tu kona ya chini kushoto. Nilidhani ni kasoro ya kioo mpaka nilipokiona kwenye simu zote nne. Ujumbe wa kosa hakuna. Na simu ndizo walizonazo watoto nyumbani, kwa hiyo laptopu yangu peke yake haitusaidii.

Ninaposhuku ni hapa:

```
gl.getExtension('EXT_color_buffer_float');
gl.texImage2D(gl.TEXTURE_2D, 0, gl.RGBA32F, 128, 128, 0,
              gl.RGBA, gl.FLOAT, null);
gl.framebufferTexture2D(gl.FRAMEBUFFER, gl.COLOR_ATTACHMENT0,
                        gl.TEXTURE_2D, tekschaB, 0);
```

FundiSheda

Mwalimu, pole na kazi. Hicho kinukta ndicho kinachonipa moyo. Hizo ni chembe zako zote 16,384, zimelundikana sehemu moja. Tekscha uliyoiumba kwa `null` inajazwa sifuri na kivinjari chenyewe, na x sifuri, y sifuri ndiyo kona ya chini kushoto. Maana yake sheda yako ya kutawanya chembe mwanzoni haikuandika chochote. Fremubafa imekataa.

Fremubafa ikikataa, ukurasa hausimami. Kila amri ya kuchora inatupwa kimyakimya na GL inaweka kosa namba 1286. Usipouliza, huambiwi. Kwa hiyo uliza. Washa ruhusa ya wasanidi kwenye simu, iunganishe na laptopu kwa waya wa USB, kisha kwenye Chrome ya laptopu fungua `chrome://inspect`. Utaiona konsoli ya simu hapo hapo mezani. Ukishafunga tekscha kwenye fremubafa, andika:

```
console.log(gl.checkFramebufferStatus(gl.FRAMEBUFFER));
```

36053 maana yake imekamilika. 36054, kilichofungwa hakikubaliki kuchorewa. 36055, hukufunga kitu. 36057 utaipata kwenye WebGL 1 pale vilivyofungwa vinapotofautiana ukubwa. 36061, mchanganyiko wenyewe hauungwi mkono.

Na ile `getExtension` usiiite ukaiacha ipite. Kiendelezi, yaani uwezo wa ziada ambao si kila kifaa kinao, kisipokuwepo haipigi kelele, inarudisha `null` tu. Shika jibu lake uliangalie. WebGL 2 inaruhusu kusoma tekscha ya RGBA32F (desimali za biti 32) bila kiendelezi chochote, lakini kuichorea ni habari nyingine, lazima `EXT_color_buffer_float` iwepo. Watu wengi wanadhani ukishaweza kusoma umeshaweza kuandika.

Leta namba.

BintiKigombe

Nimekaa na waya mpaka saa sita usiku. Namba ni 36054, na `EXT_color_buffer_float` ni `null` kwenye simu zote nne. Nikajaribu `EXT_color_buffer_half_float`, hiyo ipo. Basi nikabadilisha RGBA32F kuwa RGBA16F (desimali za biti 16), na namba ikawa 36053.

Sasa chembe zinaonekana! Zimetapakaa bahari nzima. Lakini hazisogei hata kidogo. Zinazaliwa, zinakaa pale pale, zinafifia, zinazaliwa pengine. Kwenye laptopu, msimbo ule ule, zinasogea. Konsoli ya simu ni safi. `gl.getError()` inarudisha 0 kila nikiuliza.

Kijana_wa_Nyali

Mwalimu, angalia mstari wa juu wa sheda. Kama umeandika `precision mediump float;`, kwenye kompyuta nyingi hiyo inafanywa biti 32 bila kukuambia, lakini simu inaweza kuichukua kama ilivyo, biti 16. Andika `highp`. Halafu kuna jambo ambalo hata mimi lilinitesa kwenye mchezo wangu wa pikipiki: `sampler2D` usiyoitamkia usahihi wake ni `lowp`. Unasoma data nzuri kupitia mrija mwembamba. Ongeza `precision highp sampler2D;` hapo chini yake.

BintiKigombe

Asante mdogo wangu. Nilikuwa na `mediump` kweli. Nimebadilisha yote mawili. Chembe bado zimesimama.

FundiSheda

Kijana amesema kweli na hayo mabadiliko yaache yabaki, ila ugonjwa wetu ni mwingine. Soma tena maneno yako mwenyewe: zinazaliwa, zinafifia. Umri unaongezeka, na umri unaandikwa na sheda ile ile inayosogeza. Basi sheda inaendeshwa, fremubafa inapokea. Inayokosekana ni kasi tu. Sheda inasoma kasi ya maji na kupata sifuri.

Nataka kujua mambo mawili kuhusu tekscha ya kasi. Ni ya aina gani, na umeiwekea `gl.LINEAR` au `gl.NEAREST`?

BintiKigombe

RG32F, na `gl.LINEAR`, ili kasi isiruke ruke kati ya mraba mmoja na mwingine wa gridi.

FundiSheda

Ndiyo hiyo. Kulainisha tekscha ya biti 32 kunahitaji kiendelezi kingine kabisa, `OES_texture_float_linear`. Uliza kwenye simu, nina hakika utapata `null`. Kwenye laptopu kipo, na lazima uliwahi kukiita mahali fulani kwenye msimbo wako, pengine ulinakili pamoja na kitu kingine.

Kisipokuwepo, tekscha yako inahesabiwa haijakamilika, na sheda ikiisoma inapewa nyeusi: 0, 0, 0, 1. Hilo GL hailihesabu kuwa kosa, ndiyo maana `getError` inakujibu 0 kwa dhamira safi kabisa. Mimi naiona hii ndiyo hitilafu mbaya kuliko zote za WebGL, kwa sababu hakuna namba ya kuifuata. Sababu nyingine za nyeusi hiyo hiyo ni kusahau kuweka `TEXTURE_MIN_FILTER`, maana thamani ya asili inadai mipmapu (nakala za tekscha zilizopunguzwa ukubwa), na kama hukuzitengeneza, tekscha haijakamilika.

Njia ya kuikamata ni kuichora kasi yenyewe kwenye skrini. Acha chembe kwa dakika tano, chora mraba mmoja uliojaza kanvasi, na sheda iandike:

```
rangi = vec4(abs(texture(kasi, uv).rg), 0.0, 1.0);
```

Ukiona nyeusi tupu, umeshampata mwizi. Dawa yake: ihifadhi kama RG16F. Aina hiyo inalainishwa na WebGL 2 bila kiendelezi. Huhitaji hata kubadilisha data yako, `texImage2D` ya RG16F inakubali `gl.FLOAT` na safu ile ile ya `Float32Array`. Mita 2 kwa sekunde zinaenea vizuri kabisa ndani ya biti 16.

BintiKigombe

Imesogea. Nilichora kasi kwanza kama ulivyosema: laptopu ilionyesha utepe wa kijani ukipanda kando ya pwani, simu ikawa nyeusi kama masizi. Nikaweka RG16F, utepe ukatokea kwenye simu pia. Mungu akubariki, FundiSheda.

Jumamosi nakwenda Kigombe, nitamwonyesha baba.

BintiKigombe

Nimerudi, na nimerudi na tatizo.

Baba aliishika simu muda mrefu. Nilimwekea Kusi. Akafurahi alipoona maji yanapita mkondo wa Pemba kwenda juu, akataja na sehemu anazotega. Kisha akaweka kidole juu ya Mombasa, akasema: "Hapa umekosea. Kusi maji hayasimami Mombasa."

Nikaangalia. Ni kweli. Chembe zinapanda kutoka Lindi, zinapita Dar, zinapita Tanga, zikifika Mombasa zinaganda. Juu yake zote zimeganda, Malindi, Lamu, hadi Somalia. Na bahari kuu, mashariki, zimeganda pia.

Nasikia aibu kusema hili, lakini niliwahi kuliona siku mbili kabla na nikalipita. Nilikuwa nimeweka Kaskazi, na wakati wa Kaskazi mkondo wa pwani unaopanda kutoka kwetu hukutana kweli na mkondo wa Somalia unaoshuka, huko huko pwani ya Kenya. Nikajiambia, tazama, data inaonyesha makutano. Wakati wa Kusi hakuna makutano ya namna hiyo, mikondo yote miwili inakwenda kaskazini. Ningewafundisha watoto themanini kitu cha uongo chenye sura ya ukweli.

Laptopu, msimbo ule ule wa RGBA16F, sasa nayo inaganda pale pale. Nilipoirudisha kwenye RGBA32F, haigandi.

MzeeWaBiti

Mwalimu, mpe baba yako salamu zangu za heshima. Ramani yako ina pikseli 1024, kuanzia latitudo 10 kusini hadi 2 kaskazini. Katikati yake ni latitudo 4 kusini, na Mombasa iko 4 na vijisehemu. Niambie: chembe zinaganda kuanzia y = 512? Na upande wa mashariki, je, zinaganda kuanzia x = 512? Na ile kona ya chini kushoto ndiyo pekee inayokwenda vizuri?

BintiKigombe

Shikamoo mzee. Nimepima kwa `readPixels`, amri inayosoma namba zilizoandikwa kwenye tekscha. Ni 512 barabara, pande zote mbili. Chembe ya polepole inaganda hata kabla ya hapo, karibu na 256. Umejuaje?

MzeeWaBiti

Marahaba mwanangu. Nimejua kwa sababu 256 na 512 si namba za bahari. Bahari haina sababu ya kusimama kwenye namba inayogawanyika kwa mbili mara tisa.

Desimali ya biti 16 ina biti 1 ya alama, 5 za kipeo, na 10 za tarakimu zenyewe. Biti 10 ni hatua 1024 tu kati ya kila namba na maradufu yake. Kwa hiyo kati ya 256 na 512 namba zinazoweza kuandikwa zinaachana kwa 0.25. Kati ya 512 na 1024 zinaachana kwa 0.5. Hakuna kitu kati ya 600 na 600.5. Sasa, mkondo wako wenye kasi kuliko yote unasogeza chembe pikseli ngapi kwa fremu?

BintiKigombe

0.2.

MzeeWaBiti

600 ukiijumlishia 0.2 unapata 600.2. Namba hiyo haipo kwenye biti 16, ya karibu ni 600. Inaandikwa 600. Fremu inayofuata, 600 tena. Sheda inapiga hesabu sahihi mara 60 kwa sekunde, na tekscha inaimeza hesabu hiyo mara 60 kwa sekunde. Chini ya 512, ile 0.2 inakuwa 0.25, chembe inasogea ingawa kwa kasi ya uongo kidogo, na inayosogea chini ya nusu ya hatua inaganda. Chini ya 256 mambo ni mazuri, ndiyo maana Lindi na Kilwa hukuona kasoro.

Kwa biti 32, kati ya 512 na 1024 hatua ni kama 0.00006. Ndiyo sababu laptopu ya mwanzo ilikuwa salama.

Kijana_wa_Nyali

Mzee, si agawanye tu kwa 1024, mahali pa chembe pawe kati ya 0 na 1?

MzeeWaBiti

Hapana, mwanangu. Kati ya 0.5 na 1 hatua ya biti 16 ni 1/2048. Zidisha kwa 1024, unarudi kwenye nusu pikseli ile ile. Desimali za namna hii zinabeba uwiano, ukubwa wa kipimo hauziokoi.

Kuna wanaogawa x kwenye baiti mbili za RGBA8 na y kwenye mbili nyingine. Inafaa: hatua 65,536, sawa na 1/64 ya pikseli kwa ramani hii, na inakubalika hata kwenye WebGL 1. Lakini mwalimu ana WebGL 2 na anahitaji pia nafasi ya umri. Mimi ningetumia RGBA32UI. Tekscha za namba kamili zinachoreka ndani ya WebGL 2 bila kiendelezi hata kimoja. Unachukua desimali yako ya biti 32, unaziandika biti zake kama zilivyo ndani ya namba kamili, ukisoma unazigeuza tena:

```
precision highp float;
precision highp int;
precision highp usampler2D;
uniform usampler2D mahali;
out uvec4 matokeo;
// kusoma
vec4 c = uintBitsToFloat(texelFetch(mahali, ivec2(gl_FragCoord.xy), 0));
// ... sogeza c ...
matokeo = floatBitsToUint(c);
```

Na upande wa JavaScript:

```
gl.texImage2D(gl.TEXTURE_2D, 0, gl.RGBA32UI, 128, 128, 0,
              gl.RGBA_INTEGER, gl.UNSIGNED_INT, null);
```

Kuna vitu vya kuangalia. `usampler2D` haina usahihi wa asili kabisa, usipoutamka sheda haitakompailiwa, na hiyo ni kwenye sheda zote mbili, ya vertexi na ya pikseli. Weka `gl.NEAREST` kwa min na mag, namba kamili hazilainishwi. Usiache `out vec4` mahali popote unapochorea tekscha hii. Aina zikipishana, kuchora kunakataliwa kwa 1282. Na ukitaka kuthibitisha, `readPixels` iombe `RGBA_INTEGER` na `UNSIGNED_INT` ndani ya `Uint32Array`, kisha tazama kumbukumbu ile ile kama `Float32Array`. Utaziona x na y zako.

Tekscha ya kasi iache RG16F. Kasi huijumlishi yenyewe kwa yenyewe, kwa hiyo kosa lake dogo halirundikani.

BintiKigombe

Wakuu, imekubali.

Nilikwama saa nzima baada ya kubadilisha: skrini sawa, lakini konsoli ikawa inatoa 1282 kila fremu. Nikaweka `getError` baada ya kila amri moja moja, nikaikuta kwenye `gl.clear`. WebGL 2 hairuhusu `gl.clear` kufuta rangi ya tekscha ya namba kamili, inatakiwa `gl.clearBufferuiv`. Kwa kuwa sheda yangu inaandika juu ya kila pikseli, nimeiondoa tu. Kisha nikaziondoa zile `getError` zote, maana kila moja inalazimisha kivinjari kusubiri jibu la chipu ya michoro na simu ilikuwa inakwenda kwa kusuasua.

Nimeacha moja tu, hii hapa, inaitwa mara moja kwa kila fremubafa wakati wa kuiunda:

```
function kagua(jina) {
  const s = gl.checkFramebufferStatus(gl.FRAMEBUFFER);
  if (s !== gl.FRAMEBUFFER_COMPLETE)
    document.body.append(jina + ' imekataa: ' + s);
}
```

Nimeifanya iandike kwenye ukurasa wenyewe badala ya konsoli, ili mwanafunzi aliyeko nyumbani aweze kunipigia picha ya skrini na kunitumia.

Nimepima kwa `readPixels` chembe moja niliyoizindua mbele ya Tanga, kwenye Kusi: imepita y = 512 ikiongezeka 0.17 kwa fremu, haikutetereka. Simu zote nne.

FundiSheda

Safi sana, mwalimu. Ukizungusha simu ukubwa wa kanvasi utabadilika, kumbuka kurudisha `gl.viewport` ya 128 kwa 128 kabla ya kuchorea tekscha na ya kanvasi kabla ya kuchorea skrini.

BintiKigombe

Ipo tayari, kaka, nilishaumwa na hiyo wiki ya kwanza. Baba nimempigia jioni hii, nikamwambia maji sasa hayasimami Mombasa. Ameuliza kama naweza kumwongezea mkondo wa Pemba uonekane kwa karibu, hatua kwa hatua, na kama bamvua linaweza kuonekana. La bamvua nitafungua mada nyingine, maana hapo ninahitaji tekscha ya pili ya kasi na kuzichanganya mbili kwa saa.